Kishonanguo cha Nyuma ya Stoo

Kitabu kilimfikia Mama Vidudu kikiwa kimefungwa kwa karatasi ya zawadi. Aliyemletea ni shemeji yake mwenyewe, mume wa mdogo wake. Alikiweka juu ya meza ya maabara katikati ya visahani vya vioo, kisha akarudi nyuma hatua moja, kifua mbele, akingoja kushangiliwa.

"Fungua, shemeji," alisema. "Kituo kizima wewe ndiye wa kwanza kupata nakala."

Mama Vidudu akafungua. Jaladani palikuwa na picha ya ua la kishonanguo, petali nyeupe na kitovu cha njano, na juu yake maneno *Wakazi wa Kishonanguo*. Chini yake lilikaa jina la shemeji kwa herufi nene. Hapakuwa na jina jingine. Akafunua ukurasa wa kumi na mbili, akakutana na nzi wake mdogo mwenye mabawa ya madoadoa, yule anayetembea juu ya tumba huku akipunga bawa moja baada ya jingine. Mchoro ule aliuchora yeye, amelala kifudifudi kwenye nyasi, kiwiko kimeingiwa na miiba. Hata lile doa la wino lililomdondokea pembeni walikuwa wamelichapisha pamoja na mchoro.

Kishonanguo kila mtu anakijua. Ni lile gugu linalojiotea popote, kando ya ukuta, kando ya njia, hata kwenye ufa wa saruji, na ukilipita mbegu zake zinakung'ang'ania suruali mpaka nyumbani. Watu hulilaani wakilibandua nguoni, basi. Mama Vidudu, fundi wa maabara katika kituo cha utafiti wa mazao, alikuwa amelikalia miaka minane. Nyuma ya stoo ya kituo, mahali pasipofika mtu, aliyafunga mashina arobaini kwa nyuzi za rangi, kila shina na rangi zake, na kila asubuhi ilipotimu saa nne, kazi za watu wengine zikiwa zimetulia, alibeba kigoda chake akaenda kuketi. Aliwaandika vidukari weusi waliojazana shingoni mwa ua wakinyonya utomvu, na sisimizi waliowachunga wakilamba utamu wao. Aliwaandika mbawakawa wekundu wenye madoa waliokuja kuwala vidukari, na sisimizi wakawafukuza, nao wakarudi. Aliandika mistari myeupe inayochorwa ndani ya jani na buu asiyeonekana. Madaftari yakafika tisa. Hakuna aliyemtuma na hakuna aliyemwuliza, ila jina la Mama Vidudu ndipo alipolipatia, na hakulichukia.

Na madaftari yale alimpelekea shemeji kwa mikono yake miwili. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Siku moja baada ya chakula cha mchana nyumbani kwa mdogo wake, shemeji alijinyoosha kwenye kochi akasema, "Shemeji, hayo madaftari yataliwa na mchwa bure. Wewe si mtu wa kompyuta. Nipe mimi niyaingize, tuyahifadhi." Kesho yake Mama Vidudu akayafunga kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu kulikuwa na manyunyu, akampelekea mpaka mlangoni. Alijipalia makaa, tena akashukuru.

Akafunua ukurasa wa mwisho wa kitabu, penye shukrani. Shemeji aliwashukuru wakubwa wake wote kwa vyeo vyao. Chini kabisa aliandika: "Sitamsahau shemeji yangu, fundi wa maabara, kwa kuosha vioo." Mama Vidudu aliusoma mstari ule mara tatu, kwa sababu mara mbili za kwanza macho yalikataa.

"Umeona?" shemeji akamwambia. "Sikukusahau."

"Nimeona," alisema Mama Vidudu. "Hongera sana, shemeji. Hongera kweli."

Akatabasamu. Yule bwana alikuwa na sikio moja tu, nalo ni la kusikia hongera, kwa hiyo aliondoka akipiga mluzi. Alikwisha kuwa kaimu mkuu wa kitengo. Sasa kilichobaki ni Profesa kutoka makao makuu kuja kukagua kazi hiyo kwa macho yake, ndipo athibitishwe kuwa mkuu kamili na kitabu kisambazwe kwenye vituo vyote.

Jioni hiyo Mama Vidudu alikwenda kwa mdogo wake. Wawili hao hawakuwa na ndugu mwingine. Mama yao alifariki wakati Mziwanda, ndivyo alivyomwita mdogo wake toka utotoni, hajaota meno ya mbele, na Mama Vidudu ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha, akamsuka, akamsimamia mpaka siku ya ndoa yake. Alimkuta jikoni akimenya viazi. Kitabu kilikuwa kimesimamishwa kwenye kabati la vyombo, kinatazama mlango.

"Umekiona hicho?" Mama Vidudu aliuliza.

"Nimekiona, dada."

"Ni cha nani hicho?"

Mziwanda aliendelea kumenya. Sebuleni mume wake alikuwa anacheka na simu. "Dada, nakuomba, usiniweke katikati," alisema kwa sauti ya chini. "Hayo ni mambo ya ofisini. Nipe muda."

"Muda wa nini? Wa kumwandalia chai?"

Mdogo wake aliinamia viazi, na Mama Vidudu akatoka bila kuaga. Njia nzima alijisemea maneno ambayo hakupata kumwambia. Aliyemwambia kwamba damu ni nzito alikuwa amemdanganya mchana kweupe. Mtoto aliyemlea kwa jasho lake amemwona akivuliwa nguo na ameinamisha kichwa kwenye viazi. Zikapita wiki mbili, Mziwanda hakufika. Basi Mama Vidudu akamfuta na yeye moyoni, akabaki na hasira yake peke yake, na hasira ile akaitunza vizuri kuliko mtu anavyotunza mgonjwa.

Alijua namna ya kulipa kisasi, maana alikuwa amejifunza kwa mwalimu mzuri. Yule nzi wa madoadoa hutaga yai ndani ya tumba la kishonanguo likiwa bado bichi na limefumba. Yai linaangua funza, funza anazila mbegu changa huko ndani, na ua kwa nje linachanua kama kawaida. Lakini kuna nyigu mmoja mweusi, mdogo kuliko punje ya ulezi. Huyo hufika siku kadhaa baadaye, hutua juu ya tumba, huligongagonga kwa vipapasio vyake, akishajua funza alipo humdunga kupitia ukuta wa tumba na kumtagia yai mwilini. Funza hafi. Anaendelea kula, ananenepa, anajiona mwenye nyumba. Mtoto wa nyigu anamla polepole toka ndani, sehemu za uhai anaziacha mpaka mwisho. Miaka minane Mama Vidudu alimwonea huruma yule funza. Mwaka huu huruma ilimwisha, akawa upande wa nyigu.

Kwa hiyo alimnenepesha shemeji. Alimsifu mbele ya watu. Alimwambia Profesa atafurahi. Shemeji alipotamba kwenye chumba cha chai jinsi alivyokuwa akiamka mapema "kwenda kuwaangalia vijana wangu wenye mabawa", Mama Vidudu alitikisa kichwa kwa kukubali, wenzake wakamtazama wakishindwa kuelewa. Siku mbili kabla ya ugeni, shemeji alipata wazo la kuleta vyungu kumi vya kishonanguo, akavipanga mbele ya ofisi chini ya kivuli cha wavu, ili Profesa asichafue viatu. Na kwa kuwa baadhi ya majani yalikuwa na vidukari na mistari ya mabuu, yakamtia aibu. Akamwita mtunza bustani.

"Vipulizie dawa hivi," aliamuru. "Nataka majani yang'ae. Mgeni aone afya."

Mtunza bustani, mzee mmoja mrefu asiyependa maswali, alimgeukia Mama Vidudu aliyekuwa amesimama mlangoni na visahani vyake mkononi. Kituo kizima hakuna aliyekuwa hajui kwamba wadudu hufa kwa dawa ya wadudu. Mwandishi wa kitabu cha wadudu peke yake ndiye aliyesahau, maana katika kichwa chake wadudu walikuwa wanaishi kitabuni.

"Bosi amesema," Mama Vidudu alimwambia mzee, akaingia ndani. Alicheka peke yake mpaka akashika meza.

Lakini siku iliyofuata kicheko kilikata. Alikuwa nyuma ya stoo, juu ya kigoda, anamtazama buibui mweupe aliyejificha kwenye petali akivizia nyuki, wakati mtunza bustani alipotokea kwenye kona na fyekeo mkononi.

"Mama Vidudu, samahani," alisema. "Bosi anataka kituo kifyekwe chote. Kuanzia getini mpaka nyuma ya stoo. Kasema hataki kuona gugu hata moja siku ya mgeni. Sasa na huku kwako?"

Mama Vidudu alitazama mashina yake. Shina la uzi mwekundu na wa bluu lilikuwa na matumba sita, na ndani ya matatu alijua kuna funza, na ndani ya mmoja wa hao funza alijua kuna mwingine. Angeweza kusema neno moja tu. Mzee angegeuza fyekeo akaenda zake, na hakuna ambaye angejua. Lakini akilini alimwona Profesa akifika hapa, akaona nyuzi, akaona wadudu wako mahali pao, akageuka kumpa shemeji mkono. Mashina haya yalikuwa shahidi, na shahidi huyo angesimama upande wa mwizi.

"Bosi kasemaje?" aliuliza.

"Kasema kote."

"Basi fyeka kote."

"Mama, una hakika? Hizi nyuzi zako..."

"Fyeka, mzee wangu. Usije ukakosana na mkubwa kwa ajili ya magugu."

Alichukua kigoda chake akasogea kando, akakaa akitazama, kwa sababu alijiona hana haki ya kwenda zake. Fyekeo lilipita mara ya kwanza, mara ya pili. Nyuki waliruka wakazungukazunguka hewani wakitafuta maua yalipokuwa. Sisimizi walitawanyika. Yule buibui alianguka na ua lake, hakuonekana tena. Ilimuuma kama kidonda kinachooshwa kwa chumvi, na katikati ya maumivu aliona raha, na aliiona raha ile waziwazi wala hakujidanganya kwamba ni kitu kingine. Mzee alipomaliza alikusanya rundo akalichoma moto.

Profesa alifika kesho yake saa nne kasoro. Alikuwa mama mfupi, kofia ya ukili kichwani, lenzi ndogo ikining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Mama Vidudu alipoiona kamba ile alijua kwamba huyu si mtu wa kudanganywa na vyungu. Shemeji alivaa suti na tai, akampokea kwa mikono miwili, akampeleka moja kwa moja penye kivuli. Wafanyakazi wote walisimama nyuma.

Profesa aliinama kwenye chungu cha kwanza na lenzi jichoni. Akaenda cha pili. Akaligeuza jani, akafunua ua, akapasua tumba kwa kucha ya kidole gumba. Alivimaliza vyungu vyote kumi.

"Safi sana," alisema hatimaye. "Sijapata kuona kishonanguo safi namna hii. Wadudu wako wapi?"

"Aa, Profesa, jua limekuwa kali," alisema shemeji. "Saa hizi huwa wanapumzika."

"Ukurasa wa nane umeandika kwamba saa nne ndiyo saa ya msongamano."

"Ndiyo, lakini inategemea na... na siku yenyewe."

Bahati mbaya zaidi, mdudu mmoja akaja. Alikuwa na mistari ya njano na nyeusi, akasimama hewani juu ya ua kama aliyeshikwa na uzi. Shemeji alimrukia kwa kidole. "Huyo hapo! Nyuki, Profesa! Tazama anavyovuna!"

"Mwangalie vizuri. Ana mabawa mangapi?"

Shemeji alichungulia. Jasho lilianza kumtoka kwenye kola. "Mawili," alisema.

"Nyuki ana manne. Huyu ni nzi anayejifanya nyuki, na kitabu chako kina kurasa tatu juu yake. Nzuri sana kurasa zile. Umezisahau?"

Mtunza bustani alikohoa kikohozi kisicho na kifua. Shemeji macho yalimtoka pima, akayazungusha kwenye umati mpaka yakatua palepale Mama Vidudu alipoyangojea.

"Shemeji," aliita, na sauti ilikuwa ya kuomba. "Shemeji, hebu msaidie Profesa. Mweleze."

Watu wote waligeuka. Mama Vidudu alijifuta mikono kwenye koti lake jeupe bila haraka. Wakati ule aliungoja tangu siku ya karatasi ya zawadi, na hakutaka uishe upesi.

"Mimi tena?" alisema. "Mimi nitajua wapi, shemeji? Kazi yangu ni kuosha vioo. Umeandika mwenyewe, ukurasa wa mwisho."

Kuna waliocheka, kuna waliotazama chini. Profesa hakufanya mojawapo. Aliomba aoneshwe mashina arobaini yaliyofungwa nyuzi, yaliyotajwa kitabuni kuwa yako nyuma ya jengo. Shemeji alimzungusha nyuma ya ofisi wakakuta tangi la maji, akamzungusha nyuma ya maabara wakakuta baiskeli za watu. Alitembea mbele kama anayejua aendako, kumbe anaomba Mungu apate kuona uzi. Mwisho mzee wa bustani akawahurumia, akasema labda ni nyuma ya stoo, lakini huko amefyeka jana kwa amri ya bosi. Wakaenda wakakuta visiki na jivu. Profesa alichutama, akachokoa jivu kwa kijiti, akainuka na kipande cha uzi mwekundu kisichokwisha kuungua. Akakitia kwenye mfuko wa shati.

Baada ya robo saa alimfuata Mama Vidudu maabara, peke yake, akafunga mlango. Alivuta kiti akakaa upande wa pili wa meza.

"Mama, mimi nimekaa na wadudu miaka thelathini," alisema. "Kitabu kile kimeandikwa na mtu aliyeketi. Mtu aliyelala chini. Yule bwana hajaketi hata siku moja. Anasema madaftari yameliwa na mchwa. Sasa, wiki iliyopita kuna mtu kanipigia simu. Kaniambia kazi ni yako, na kwamba amekuona ukiifanya. Ni kweli?"

Mama Vidudu alifikiri ni mzee wa bustani. Nani mwingine? "Kama ingekuwa kweli, ingekuwaje?" aliuliza.

"Kama ni kweli, basi kazi ni ya kweli, na kazi ya kweli haitupwi. Nitaandika hivyo. Kitabu kitachapishwa upya, jina lako mbele."

"Na yeye?"

"Yeye aliyapanga na kuyaandika vizuri, hilo huwezi kumnyima. Jina lake litafuata. Atapewa onyo, ukuu hataupata, atabaki na kazi yake."

"Na kama si kweli?"

"Kama hakuna aliyewaona wadudu hao, basi mambo yote yametungwa. Kitabu kitaondolewa kabisa na yeye atafukuzwa leo hii." Profesa alimwinamia. "Sina madaftari, sina mashina. Nina mdomo wako tu. Haya, niambie kitu kimoja. Yule nzi mwenye madoa, anataga lini? Ua likishachanua, au kabla?"

Jibu lilimjaa Mama Vidudu kinywani mpaka likamwasha ulimi. Miaka minane hakuna binadamu aliyepata kumwuliza swali lile. Mbele yake alikaa mtu mmoja tu ambaye angemwelewa, na alikuwa anamwangalia kwa hamu kama mtoto anayengoja hadithi. Jina lako mbele, alisema. Lakini Mama Vidudu aliliona na lile la pili likifuata, bega kwa bega, juu ya jalada moja, maisha. Aliona shemeji akija kesho kazini na onyo lake mfukoni, amepoa wiki moja, wiki ya pili anapiga mluzi. Akasema moyoni, hapana. Bora tukose wote.

"Sijui, Profesa," alisema.

"Hujui?"

"Sijui. Mimi naosha vioo."

"Mama, hii ni mara ya pili nakuuliza. Kazi hii ni yako?"

"Si yangu."

"Kuna yeyote uliyewahi kumwona akiifanya?"

"Hakuna. Nyuma ya stoo haendi mtu. Aliyekupigia simu alikudanganya."

Profesa alimtazama. Kisha akatoa karatasi, akaandika, akasoma kwa sauti kwamba uchunguzi unaotajwa kitabuni haukufanywa na yeyote. Akauliza kama ndivyo. Mama Vidudu alisema ndivyo, akatia sahihi.

Kufikia saa sita shemeji alikuwa amemwaga unga. Alitoka ofisini na katoni kifuani, tai imepinda, akapita katikati ya wenzake bila kumtazama mtu. Mama Vidudu alisimama dirishani akamsindikiza kwa macho mpaka getini. Alifurahi. Hakuna neno jingine la kutumia. Alifurahi kwa mwili mzima, akala chakula chake cha mchana akamaliza, akaosha visahani vyote vya maabara huku akiimba.

Aliporudi nyumbani jioni alimkuta Mziwanda amekaa kwenye ngazi ya mlango, begi la nguo miguuni, macho yamevimba. Mama Vidudu alikuwa amejiandaa. Kila alilotaka kumwambia toka siku ya viazi alikuwa nalo tayari.

"Kama umekuja kunililia juu ya mume wako, rudi," alianza. "Siku ile nilikuuliza kitabu ni cha nani, ukaniambia nisikuweke katikati. Sasa nimekutoa katikati."

"Sikuja kukulilia," alisema Mziwanda. "Amenifukuza."

"Kakufukuza kwa lipi? Wewe ndiye uliyemfungia mdomo."

"Dada, ni mimi niliyempigia Profesa."

Mama Vidudu alikuwa ameshika ufunguo. Hakuutia kwenye kitasa.

"Namba niliitoa kwenye barua yake ya ugeni," Mziwanda aliendelea. "Nilikuomba muda kwa sababu nilikuwa naogopa. Siku zile zote nilikuwa naogopa, halafu nikapiga moyo konde nikampigia. Nikamweleza yote. Madaftari, kigoda, nyuzi ulizochukua kwenye kikapu changu cha kushonea. Leo mchana kanirudia simu. Kasema nilitaka kumchafulia mume wangu kazi kwa uongo, na kwamba amekuuliza mwenyewe ukakana. Mume wangu ndiyo kwanza kaingia na katoni lake. Kasimama pale pale, kasikia kila neno."

"Kwa nini hukuniambia?" Mama Vidudu aliuliza. "Neno moja tu."

"Ulikuwa hupokei simu zangu, dada."

Ni kweli, alikuwa hazipokei. Mama Vidudu alitoa simu yake mkobani, akaomba namba, akampigia Profesa akiwa amesimama hapo hapo ngazini. Aliongea haraka. Nzi hutaga kabla ua halijachanua, alisema, tumba likiwa bichi, siku ya tatu au ya nne, na nyigu huja baadaye, na yote aliyaona yeye. Profesa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu kwa upole.

"Hayo yote yamo kitabuni, mama. Mtu yeyote anaweza kuyasoma mchana akayasema jioni. Asubuhi nilipokuuliza bila kitabu, ulisema hujui, ukatia sahihi. Na aliyenipigia ni mdogo wako mwenyewe. Mimi nifanye nini?" Akamtakia jioni njema, akakata.

Mziwanda alikuwa amesikia. Hakumlaumu, na Mama Vidudu alitamani amlaumu.

"Nilimwambia Profesa hana haja ya ushahidi mwingine," alisema Mziwanda. "Nilimwambia akuulize tu wewe. Nikamwambia dada yangu tangu nimjue hajawahi kusema uongo."

Mama Vidudu alifungua mlango, akabeba begi, akaliweka kitandani kwake, na yeye akajitandikia chini. Mdogo wake alilala amegeukia ukuta. Mama Vidudu aliitafuta ndani yake ile furaha ya mchana, akitumaini kwamba kwa mambo haya itakuwa imekwisha. Ilikuwapo bado, nzima, wala haikupungua hata kidogo, na alijua kwamba lau Profesa angemuuliza tena kesho, na shemeji amesimama mlangoni anasikia, hana hakika angejibu nini.